Nicodemus, Kijiji Kilichoachwa na Reli

Katika upande wa magharibi wa jimbo la Kansas, nchini Marekani, kiko kijiji kidogo kiitwacho Nicodemus. Msafiri apitaye kwa motokaa aweza kukivuka kwa dakika chache asijue kwamba amekivuka: nyumba chache, makanisa, jumba la mikutano, na pande zote mashamba ya ngano hata upeo wa macho. Hesabu ya watu ya mwaka 1950 ilikuta humo wakazi 16 tu. Walakini Serikali ya Marekani imekiweka kijiji hiki miongoni mwa mahali pa kumbukumbu ya taifa zima, na kila mwaka watu hufunga safari kutoka miji ya mbali kukijia.

Sababu yake ni hii. Nicodemus kilianzishwa na watu weusi waliokuwa wametoka utumwani, nacho hutajwa kuwa cha zamani kuliko vyote vya namna hiyo vilivyobaki magharibi ya mto Mississippi.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha. Lakini aliyefunguliwa alitoka mikono mitupu: hana shamba, hana mnyama wa kulimia, na mara nyingi alilazimika kurudi kulima ardhi ya bwana wake wa zamani. Tena palikuwa na watu waliowatisha na kuwaua weusi waliothubutu kudai haki yao. Huko magharibi, sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kutwaa ekari 160 za ardhi ya Serikali kwa ada ndogo, mradi akae juu yake na kuilima miaka mitano. Kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amenunuliwa na kuuzwa, ahadi ya kumiliki shamba haikuwa jambo dogo.

Mwezi Aprili 1877 watu saba waliunda kampuni ya kuanzisha mji. Sita walikuwa weusi, na wa saba, Bwana W. R. Hill, alikuwa mweupe aliyefanya biashara ya ardhi. Matangazo yao yalipelekwa Kentucky, yakisifu nchi yenye rutuba, maji na hali njema ya hewa. Mwezi Septemba kundi la watu wapatao 300 liliwasili. Walishuka kwenye kituo cha reli cha Ellis, wakaendelea kwa miguu kuelekea kaskazini.

Walichokikuta si kile kilichotangazwa. Nchi ilikuwa wazi, haina miti ya kujengea wala kuni, na baridi ilikuwa karibu. Baadhi walirudi mara moja. Yasimuliwa kwamba hasira dhidi ya Bwana Hill ilikuwa kubwa hata ikambidi ajifiche. (Mji mkuu wa wilaya hiyo, Hill City, ungali unaitwa kwa jina lake hata leo, ndivyo majina ya miji yanavyogawiwa.)

Waliobaki walichimba makao katika ardhi yenyewe, kwenye miteremko ya vilima, wakaezeka juu kwa matawi na mabonge ya udongo yaliyoshikwa na mizizi ya majani. Kuni zao zilikuwa mabua ya alizeti na mavi makavu ya nyati. Masimulizi ya wazee yasema kwamba katika kipupwe kile cha kwanza chakula kilipokwisha, Wahindi wa kabila la Osage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama. Yafaa kukumbuka kwamba nchi ile yote ilikuwa ya makabila ya wenyeji kabla Serikali haijaigawa kwa wageni.

Mapema mwaka 1878 walifika wengine, na miongoni mwao alikuwa Bibi Willianna Hickman, mke wa mchungaji. Kundi lao lilikuwa limepatwa na surua huko Ellis, na watoto kadhaa walizikwa hapo. Baada ya safari ya siku mbili wanaume walipaza sauti kwamba Nicodemus kinaonekana. Bibi Hickman alitazama asione kitu. Alipouliza kijiji kiko wapi, alionyeshwa moshi ukitoka ardhini. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba alianza kulia palepale.

Hata hivyo alikaa. Mtu huweza kulia na kukaa, na historia ya mwanzo ya Nicodemus yote ni ya watu wa namna hiyo. Farasi walikuwa wachache mno, kwa hiyo wengi walivunja ardhi ngumu kwa sepeto na jembe la mkono. Bwana Zachary Fletcher alifungua duka, akawa bwana posta wa kwanza, na baadaye akajenga hoteli. Mkewe, Bibi Jenny Fletcher, aliwafundisha watoto kusoma. Bwana Edward McCabe, aliyekuja mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa Mkaguzi wa Hesabu za jimbo zima la Kansas, cheo ambacho hakuna mtu mweusi aliyekipata kabla yake.

Kufikia mwaka 1887 nyumba za mawe ya chokaa zilikuwa zimesimama, maduka yalikuwa mengi, na kijiji kilikuwa na magazeti mawili. Kilichokosekana ni reli. Katika nchi ile, mkulima aliye mbali na kituo cha reli alitumia siku nzima na zaidi kupeleka ngano sokoni, na bei yote ikaishia njiani. Basi wananchi walipiga kura wakakubali kuikopea kampuni ya Missouri Pacific dola 16,000, ili njia yake ipite kwao. Njia hiyo haikujengwa. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilipitisha reli yake ng'ambo ya kusini ya mto Solomon, maili chache tu kutoka kijijini, na kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji wa Bogue.

Wenye maduka walihamia huko upesi, na magazeti yote mawili yakafa. Bogue yenyewe haikuwa mji mkubwa. Leo wakazi wake hawafiki 200. Lakini ilitosha kuiondolea Nicodemus biashara yake.

Mashamba hayakuweza kuhamishwa, na wenye mashamba hawakutaka kuyauza. Wao ndio waliokitunza kijiji. Ukame na dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 viliwaondoa wengi, na vijana wakaenda mijini kutafuta kazi. Jumba la mikutano lilijengwa mwaka 1939 kwa msaada wa mpango wa Serikali wa kuwapa kazi watu waliokosa ajira. Mwaka 1953 posta ilifungwa. Bwana Veryl Switzer, mzaliwa wa hapo, alikwenda kucheza mpira wa Kimarekani katika timu maarufu ya Green Bay Packers mwaka 1954, lakini hakuacha kushughulika na ardhi ya jamaa zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya wakulima wa huko walijaribu hata kupanda tefu, nafaka ya Ethiopia, kwa kuwa huvumilia ukame na Waethiopia waishio Marekani huihitaji.

Mwaka 1996 Serikali ilitoa sheria ya kuyahifadhi majengo matano: makanisa mawili, shule, jumba la mikutano na ile hoteli ya Fletcher.

Sikukuu ya kijiji ni ya zamani kuliko majengo hayo. Tangu mwanzo wakazi waliadhimisha Agosti 1, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya kukomesha utumwa ilianza kutumika katika makoloni ya Uingereza ya visiwa vya Karibi. Siku hizi hufanywa mwishoni mwa Julai. Wajukuu na vitukuu wa wale waliotoka Kentucky huja na watoto wao kutoka Denver, California na kwingineko. Huabudu pamoja, hula pamoja, na wazee huwaonyesha vijana makaburi na mahali yalipokuwa yale makao yaliyochimbwa ardhini. Kisha motokaa huondoka moja moja, nao wachache wakaao hapo hurudi kwenye ngano yao.