Mbele ya kufungua moteri, ipimwe kwanza

Teksi inatoa moshi, nguvu imepunguka kwenye mlima. Garajini mwenye gari anaambiwa: "Tufungue moteri, tutaona ndani." Lakini kulasi ikiisha kutolewa, jwenti yake hairudishwe: lazima kununua mpya, na gari inalala siku kadhaa bila kuingiza kitu. Na wakati mwingine ugonjwa haukuwa ndani.

Moshi njo unasema wa kwanza. Mweusi mara nyingi ni esanse kupita kiasi ao filtre ya hewa iliyojaa vumbi: hapo hakuna cha kufungua. Wa bluu ni moteri inakula mafuta yake. Mweupe usioisha hata moteri ikipata moto, huku maji ya radiateri yanapunguka, ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Na kama taa ya mafuta inawaka na moteri inagonga, izimwe palepale.

Kisha kunakuja kipimo cha kompresio. Moteri ikiwa moto, mekanisie anatoa buji zote, anakata esanse na kuranti ya buji, anafunga kipimo kwenye tundu la silinda moja. Akselerateri inakanyagwa mpaka chini, demareri inazungusha moteri mara tano hivi. Anaandika namba, anapita kwa silinda nyingine. Moteri za mazuti zinaomba kipimo kingine, sababu kompresio yao ni kubwa zaidi.

Kwa moteri nyingi za esanse, namba nzuri ni kama bar 10 mpaka 13. Lakini Goma na Bukavu ziko karibu mita 1.500 juu ya bahari; hewa ni nyepesi, na hata moteri nzima inaweza kuonyesha chini kidogo. Kwa hiyo silinda zilinganishwe. Tatu zikitoa 10 na moja 6, ugonjwa uko kwa ile moja.

Hapo anamwanga kijiko kimoja cha mafuta ya moteri ndani ya tundu hilo, anapima tena. Namba ikipanda, ni segma za pistoni. Isipopanda, ni supapu ao jwenti. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, jwenti njo inashukiwa kwanza.

Supapu na jwenti zinatengenezwa kwa kutoa kulasi tu. Segma zinaomba kushuka mpaka kwenye pistoni, na bei inapanda sana. Ndiyo sababu mwenye gari aombe namba za kila silinda kwa karatasi, mbele ya kutoa pesa.