Mwito Wenye Wenyewe

Kwenye mahafali ya vyuo vikuu vya Marekani kuna ombi ambalo wengi hawalitii: tafadhali msishangilie hadi jina la mwisho lisomwe. Linasomwa jina la binti mmoja, na kabla hajapeana mkono na mkuu wa chuo, sauti kali inapasua ukumbi kutoka viti vya nyuma: “Skee-Wee!” Upande wa pili wanaitikia, na juu roshani nako wanaitikia. Walioitikiana huenda hawajawahi kuonana. Mmoja ni mwanafunzi, mwingine ana wajukuu.

Huo ni mwito wa Alpha Kappa Alpha, sororiti (chama cha wanafunzi wa kike) kongwe kuliko zote za wanawake Weusi, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1908. Hutamkwa skii-wii, sauti ikivutwa juu kabisa. Zama hizo vyama vya wanafunzi wa Kizungu havikuwapokea Weusi, nao wakaunda vyao. Leo vikubwa ni tisa, na vitano kati yake vilianzia hapohapo Howard. Kila kimoja kina namna yake ya kuitana. Delta Sigma Theta huita “oo-oop”. Wanaume wa Omega Psi Phi hubweka, tena kwa fahari. Kappa Alpha Psi huvuta “yo” nyembamba, na asiyewajua hugeuka kutafuta ni dada gani anayeita.

Wembamba huo una kazi. Watu wanapoongea kwa wingi, nguvu kubwa ya sauti zao hukaa chini ya hertz 1,000, ilhali sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi kati ya hertz 2,000 na 5,000. Mwito mkali basi hupenya pale ambapo ungemwita mtu kwa jina hadi koo likauke. Aliyesikia kigelegele harusini, ngoma zikilia, hahitaji kufundishwa hilo.

Januari 2019 Kamala Harris, seneta wa Marekani wakati huo, aliyejiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa Howard, alihudhuria hafla ya wenzake huko South Carolina. Mwandishi wa habari mmoja akaandika mtandaoni kwamba baadhi ya wanawake walipiga ukelele. Ukelele huo ulikuwa Skee-Wee, na wanachama walimjia juu. Mimi naona walikuwa na haki: salamu yenye historia ilikuwa imegeuzwa kelele za mashabiki.

Tena si salamu ya kila mtu. Kigelegele hupigwa na yeyote mwenye furaha na ulimi mwepesi, lakini mwito huu ni wa waliopokewa rasmi chamani, na uanachama wenyewe ni wa maisha. Mgeni akiuiga kwa mzaha, atakemewa papo hapo. Mume wa mwanachama, hata akiwa ameusikia sebuleni kwake miaka 30, hupiga makofi tu kama wageni wengine.