Pakiti Inayofika Nyamira na Kukosa Njia ya Kurudi Kisii

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, ofisi, hospitali na vyuo vya Kisii na Nyamira vimezidi kutegemea mitandao inayounganisha majengo yaliyotenganishwa na vilima na mashamba ya chai. Mitandao hiyo huunganishwa na ruta, kifaa kinachopokea data iliyogawanywa katika vifurushi viitwavyo pakiti na kuamua kila pakiti ielekee wapi kwa kusoma jedwali la njia. Njia tuli ni ile ambayo fundi ameiandika katika jedwali hilo kwa mkono, nayo haibadiliki mpaka aibadilishe mwenyewe.

Ichukuliwe mfano wa ruta tatu zinazofuatana, ya kwanza Kisii mjini, ya pili Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, na ya tatu Nyamira. Mtandao wa ndani wa Kisii ni 192.168.10.0, wa Nyamira ni 192.168.20.0, na kiungo cha Kisii na Keroka kina anwani 10.0.0.1 upande wa Kisii na 10.0.0.2 upande wa Keroka. Fundi akiandika njia za kwenda Nyamira peke yake, pakiti zitafika salama, lakini majibu yatatupwa njiani, kwa kuwa ruta za Keroka na Nyamira hazikuelezwa mtandao wa 192.168.10.0 uko wapi.

Kosa hili hujificha hata kwa fundi mwangalifu. Amri ya ping, ambayo Mike Muuss aliitunga mwaka 1983 ili kutuma pakiti na kungoja jibu, ikitolewa ndani ya ruta ya Kisii kuelekea Keroka hufaulu, maana kwa kawaida ruta hutumia anwani ya kiungo, 10.0.0.1, ambayo Keroka inaijua kwa kuwa imeungana nayo moja kwa moja. Kompyuta ya ofisini ikituma pakiti hiyohiyo haijibiwi, kwa sababu anwani yake ni ya 192.168.10.0. Kwa hiyo jaribio lililofanywa kwenye ruta halitoshi kuthibitisha kwamba watumiaji wanawasiliana. Ni lazima lirudiwe kutoka kwenye kompyuta zao, na jedwali la kila ruta lisomwe kwa safari ya kwenda na ya kurudi pia.

Kabla ya hayo, bila shaka, hukaguliwa umeme, kebo na taa za vifaa, hasa katika nyanda hizi ambako radi hupiga mara kwa mara. Hata hivyo taa inayowaka yaweza kupotosha: ruta ikiunganishwa na redio ya mlimani kupitia swichi, mlango wake huendelea kuonekana hai hata redio ya upande wa pili ikiwa imeungua, na njia tuli hubaki jedwalini ikipeleka pakiti mahali pasipo na mpokeaji.

Hitilafu nyingine hutokea pale ruta mbili zinapoelekezana kila pakiti zisiyoijua. Pakiti hiyo huzunguka baina yao huku kihesabu chake cha uhai, ambacho hakizidi 255, kikipungua kwa moja katika kila ruta mpaka kiishe na pakiti itupwe. Amri ya traceroute, inayoorodhesha ruta zilizopitiwa, huonyesha anwani mbili zilezile zikipokezana.