Kifafa na kitenzi kuanguka
Kifafa ni neno lenye mzizi -fa, wa kufa, uliorudiwa. Si ajabu Kolwezi mtu hulikwepa na kusema tu "anaangukaka". Kwa stara, kitenzi hicho chafaa; kwa utafiti kinapotosha. Mtoto anayeduwaa sekunde chache haanguki, ila naye huenda ana kifafa. Dodoso likiuliza "Anaanguka?" litamkosa, na mwalimu atamwita mvivu. Hatapata dawa, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila vifafa wakitibiwa ipasavyo. (Povu, tuseme wazi, haliambukizi.) Mimi ningemuuliza mama: "Kuna wakati unamwita, haitiki, kisha anaendelea kucheza kana kwamba hukumwita?"