Macho ya Bomba la Mafuta

Ukipanda basi Voi kwenda Mombasa, lazima upite Maungu. Wengi wanaijua kwa yale malori yanayopumzika pale. Lakini Maungu pia kuna kituo cha pampu cha Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya. Bomba la kwanza, lenye urefu wa kilomita 450 hivi toka Mombasa hadi Nairobi, lilianza kazi mwaka wa 1978. Mwaka wa 2018 bomba jipya la inchi 20 likachukua nafasi yake.

Je, umewahi kujiuliza ni nani anayechunga mafuta hayo usiku na mchana? Hakuna askari awezaye kutembea kilomita zote hizo. Kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao, na mfumo wenyewe huitwa skada. Opareta huketi mbele ya skrini, akaona presha ya kituo kilicho mbali, na akitaka huzima pampu bila kuinuka kitini. Hebu tuone vile mfumo wa namna hii hutayarishwa, popote pale duniani.

Kwanza, kila mita, vali na pampu hupewa jina lake na kipimo chake. Hapa ndipo penye mtego. Kifaa cha presha hutuma umeme wa miliampea 4 hadi 20. Tuseme 4 ni presha sufuri na 20 ni presha 100. Basi 12 ni presha 50. Fundi akikosea, akaiambia kompyuta kwamba mwisho ni 60, skrini itaonyesha 30. Bomba linabeba 50, opareta anaona 30! Na mbona wasianzie sufuri? Kwa sababu sufuri kabisa ni dalili kwamba waya umekatika.

Pili, kila kompyuta hupewa anwani yake, na mawasiliano huwekewa njia mbili, moja ikikatika nyingine iendelee. Mtandao huu haufai kuchanganywa ovyo na ule wa ofisini, wasije wezi wa mbali wakaingia.

Tatu ni kengele. Mlinzi wa shamba akipiga debe kwa kila ndege anayetua, siku ndovu wakija hakuna atakayeamka. Sisi wa Marungu tunalijua hilo! Kwa hivyo kengele kubwa ziwe chache, na kila moja imwambie opareta la kufanya.

Nne, kila mtu hupewa neno lake la siri. Wengine wataruhusiwa kutazama tu, wengine kufungua vali.

Mwisho ni kujaribu. Fundi mzuri huchomoa waya kusudi. Mtandao ukikatika, skrini inaweza kubaki na tarakimu za zamani, ati kila kitu kiko sawa. Ni lazima ionye kwamba habari hizo zimechacha. Nayo kompyuta ndogo iliyo kituoni lazima izime pampu yenyewe presha ikizidi, hata kama hakuna anayeiona.

Lakini macho hayo yana kikomo. Kuvuja hutambuliwa kwa kulinganisha mafuta yaliyoingia na yaliyotoka. Tuseme lita 1,000,000 hupita kwa saa, na mita zina kosa la 1 kwa 1,000. Lita 1,000 zaweza kupotea kila saa na skrini isiseme neno! Mwaka wa 2015 mafuta kutoka bomba la zamani yalipatikana yamevuja Thange, kaunti ya Makueni, yakaharibu maji na mashamba ya watu.

Basi ndugu zangu, macho ya kwanza ni yetu sisi tunaoishi kando ya bomba. Ukisikia harufu ya mafuta kondeni, au ukiona nyasi zimekauka pahali pamoja bila sababu, usiwashe kiberiti wala usikimbilie mtungi kuchota. Ondoka, waonye wenzako, kisha mwarifu chifu au polisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nanyi mnaopenda fizikia na hesabu, kazeni buti: kiti mbele ya skrini ile kinaweza kukaliwa na mtoto wa Marungu.