Vita Visivyoitwa Vita

Ukitoka Embu kwenda Meru, Mlima Kenya unakuwa mkono wako wa kushoto safari nzima, na karibu katikati ya njia unafika Chuka. Hapo, kuanzia tarehe 13 Juni 1953 na kwa siku chache tu, wanajeshi wa kikosi cha tano cha King's African Rifles walioletwa kuwasaka waasi wa Mau Mau waliopigana na ukoloni, pembezoni mwa msitu waliwaua watu wapatao 20. Wa kwanza walikuwa wafungwa wawili waliochukuliwa ili waonyeshe njia. Mmoja wao alitobolewa sikio kwa beneti, tundu likapitishwa kamba, akaongozwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, kisha wote wawili wakapigwa risasi. Baada yao waliuawa homugadi, yaani watu waliobeba silaha kwa niaba ya serikali ile ile iliyowatuma wanajeshi hao, na mwishowe wanakijiji waliokutwa kwenye mashamba yao. Kamanda wa kampuni hiyo, Meja Gerald Griffiths, alishtakiwa kwa mauaji Novemba 1953 akaachiliwa. Kesi hiyo ndiyo iliyofichua kwamba askari walipewa shilingi tano kwa kila aliyeuawa, na kwamba vikosi viliweka ubao wa kuhesabia maiti kama magoli ya mpira. Machi 1954 alirudishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akatiwa hatiani kwa ukatili aliowatendea wale wafungwa wawili, akafukuzwa jeshini na kufungwa jela. Kwa homugadi na wanakijiji wa Chuka hakuna aliyewahi kutiwa hatiani.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya unyama wa mtu mmoja, na Griffiths kweli hakuwa mtu wa kutetewa. Lakini anayesoma sheria ya vita atakiona kwa jicho jingine. Swali linaloulizwa leo kuhusu ndege zisizo na rubani na operesheni dhidi ya ugaidi ndilo lililokuwa Chuka mwaka 1953: je, serikali ikikataa kuita vita kwa jina lake, sheria ya vita inaondoka? Jibu langu ni hapana. Sheria hufuata kinachotendeka, haifuati jina lililoandikwa kwenye tangazo la serikali. Na ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hilo haukutoka kwa wapinzani wa serikali ya kikoloni. Umo katika karatasi za maofisa wake wenyewe.

Tuanze na jina. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Hakutangaza vita. Kwa mtazamo wa serikali, wapiganaji wa msituni walikuwa wahalifu, na aliyekamatwa na risasi mfukoni alikabiliwa na kitanzi badala ya kupewa haki za mateka wa vita. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa mpango huo. Sasa tazama kilichokuwa kikitendeka mlimani. Vikosi vya askari wa miguu wa Uingereza vilisafirishwa hadi Kenya kupigana sambamba na King's African Rifles. Kuanzia Novemba 1953 ndege za Lincoln, zilizoundwa kwa ajili ya vita kuu, zilimwaga mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Kandokando ya msitu wa Mlima Kenya wenyeji walilazimishwa kuchimba handaki la takriban kilomita 80, lenye vijiti vilivyochongwa chini yake. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Kiambu, Murang'a, Nyeri, Embu na Meru walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa uzio. Upande wa pili kulikuwa na majeshi ya msituni yenye majenerali, na kiongozi mmoja wa Meru, Musa Mwariama, hakutoka msituni hadi uhuru ulipopatikana Desemba 1963. Ukiambiwa hilo ni tatizo la polisi, utauliza ni polisi gani hao wanaorusha Lincoln.

Mwanasheria makini atanikatiza hapa. Kifungu cha 3 kinachojirudia katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949, kile kinachohusu mapigano ya ndani ya nchi, kinakataza kumuua, kumtesa au kumdhalilisha mtu yeyote asiyepigana au aliyekwisha kuweka silaha chini. Lakini Uingereza ilitia saini Desemba 1949 na haikuridhia hadi Septemba 1957. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu nao uliongezwa hadi Kenya Oktoba 1953, miezi minne baada ya Chuka. Kwa hiyo, atasema, usiwahukumu watu kwa sheria ambayo haikuwa imewafikia. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Sheria isiyojulikana wakati wa kutenda ni mtego. Tatizo lake ni kwamba inadhani mkataba ndio chanzo pekee cha katazo. Kumuua mfungwa kulikuwa kosa la jinai katika sheria za Uingereza na katika sheria za jeshi lake muda mrefu kabla ya Geneva, na ndiyo maana Griffiths alifikishwa mahakamani bila mkataba wowote kutajwa. Jenerali George Erskine, aliyeshika uongozi wa majeshi Kenya mwezi ule ule wa Juni 1953, aliwaandikia maofisa wake wote tarehe 23, siku chache tu baada ya mauaji, akiwaonya dhidi ya kuwatendea watu isivyo haki. Anayeonya hivyo anajua mpaka uko wapi.

Ushahidi mzito zaidi uko Mwea. Leo Mwea iko Kirinyaga na jina lake ni mchele wa pishori, lakini miaka ya 1950 nyanda hizo zilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu, na mifereji inayopeleka maji kwenye majaruba ilianza kuchimbwa na watu waliowekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Uingereza ilikuwa imeridhia tangu 1931 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani dhidi ya kazi ya kulazimishwa, kwa hiyo kila jembe lililoshikwa pale lilihitaji maelezo ya kisheria. Mwaka 1957 Mwea ikawa mahali pa jaribio baya zaidi. Wafungwa waliohesabiwa kuwa sugu waliletwa kidogokidogo kutoka kambi ya Manyani na kwingineko, wakalazimishwa kwa kipigo kunyolewa na kuvaa sare, na aliyekataa kazi akapigwa hadi akubali. Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana barua kuhusu namna ya kuupa mpango huo sura ya kisheria. Alitenganisha nguvu ya kumlazimisha mtu na nguvu ya kumwadhibu. Ya kwanza iruhusiwe, ya pili ibaki marufuku. Akaongeza neno ambalo halijasahaulika: kama ni lazima tutende dhambi, basi tuitende kimyakimya. Kanuni za hali ya hatari zikarekebishwa zifuate mtengano huo. Miezi mitatu baadaye Uingereza iliridhia Mikataba ya Geneva. Machi 1959 utaratibu uliozaliwa Mwea ulipelekwa kambi ya Hola, na wafungwa 11 wakauawa kwa virungu.

Hebu tulia kidogo kwenye barua hiyo, maana inajibu hoja ya kwamba sheria haikuwapo. Mtu hahitaji kutenganisha kulazimisha na kuadhibu kama hakuna katazo linalomsumbua. Wala hahitaji ukimya. Maofisa wa Nairobi walijua kwamba Mkataba wa Ulaya unairuhusu nchi kusimamisha baadhi ya haki wakati wa dharura, na mwaka 1954 Uingereza ilitoa taarifa ya kufanya hivyo kuhusu Kenya, lakini walijua pia kwamba katazo la mateso halisimamishwi kwa dharura yoyote. Walichofanya ni kubadilisha majina: mateso yakaitwa nguvu ya kulazimisha, vita vikaitwa hali ya hatari, uwanja wa mabomu ukaitwa eneo marufuku.

Eneo marufuku linastahili maneno yake, kwa sababu mbinu hiyo haijafa. Msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa eneo ambalo atakayeonekana ndani yake atapigwa risasi. Aliyeingia kutafuta kuni, kuchunga au kufuata mzinga wake wa nyuki alihesabiwa kuwa adui. Sheria ya leo, hasa Itifaki za Nyongeza za 1977 za Mikataba ya Geneva ambazo Kenya ilijiunga nazo mwaka 1999, haikubali hesabu hiyo. Kamanda anaweza, na mara nyingi anapaswa, kuwaonya raia waondoke. Lakini onyo halimgeuzi aliyebaki kuwa mpiganaji. Bado ni lazima amtofautishe na mwenye bunduki, na kama kuna shaka, amhesabu kuwa raia. Kanuni hiyo ndiyo kipimo cha operesheni iliyoanzishwa msitu wa Boni, Lamu, mwaka 2015, na ndiyo kipimo cha amri za kuhama zinazotolewa kwa vipeperushi na simu katika vita vya Mashariki ya Kati.

Kuna wanaosema kwamba Mau Mau nao walivunja kila kanuni, na kwamba sheria inayomfunga mkono mmoja askari wa serikali huku mwenzake akichinja ni sheria ya kijinga. La kwanza lina ukweli ndani yake. Huko Lari, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, waliuawa watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto, na hakuna ukombozi unaohalalisha hilo. Kifungu cha 3 chenyewe kinamfunga kila upande, waasi wakiwemo. Ila kosa la adui halimpi askari ruhusa ya kuwatendea vibaya wasiohusika, na homugadi wa Chuka walikuwa mbali mno na Lari. Hoja ya mkono uliofungwa, kwa maoni yangu, inapinduliwa na historia ya Erskine mwenyewe. Agosti 1953 alitangaza kwamba mpiganaji atakayetoka msituni ameshika tawi la kijani hatanyongwa kwa kosa la kubeba silaha. Tawi la kijani ni kanuni ya kale ya vita: aliyejisalimisha haguswi. Lakini nani atatoka na tawi mkononi iwapo habari zimezagaa kwamba mfungwa wa Chuka alitobolewa sikio? Kila mfungwa aliyeuawa alikuwa tangazo la kuwaambia waliobaki msituni wapigane hadi mwisho. Erskine aliielewa hesabu hiyo kuliko wanasiasa wengi wa leo wanaodai askari aachwe afanye kazi.

Pingamizi gumu ni la meno. Sheria ilikuwapo, na bado haki ilichukua miaka 60. Mahakama Kuu ya London iliruhusu kesi ya wazee wa Kenya kuendelea mwaka 2011, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, ikaeleza masikitiko yake, ila haikukubali kuwajibika kisheria. Kesi nyingine, ya walalamikaji wapatao 40,000, iligonga mwamba mwaka 2018 kwa sababu ya muda uliopita. Siwezi kulipamba hilo. Naona tu kwamba kinachofanya sheria hii iume au isiume ni mahakama ya nyumbani, si ile ya mbali, na hapo Kenya ya sasa haiko pale ilipokuwa 1953. Katiba ya 2010 inasema kanuni za jumla za sheria ya kimataifa ni sehemu ya sheria ya Kenya, na Kifungu cha 25 kinaweka uhuru dhidi ya mateso mahali ambapo hata hali ya hatari haiufikii. Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya 2008 inamwezesha jaji wa Kenya kumhukumu mhalifu wa vita bila kusubiri mahakama ya The Hague, na kamanda aliyejua akanyamaza hujibu pamoja na aliyefyatua.

Na jina je? Mwaka 1995, katika kesi ya Tadić, mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani iliamua kwamba vita vya ndani vipo pale penye mapigano ya muda mrefu kati ya serikali na kundi lililojipanga, hata serikali iyaite nini. Kwa kipimo hicho mlima wa 1953 ulikuwa vitani. Kwa kipimo hicho pia, wizi wa mifugo mpakani mwa Meru na Isiolo, hata ukiwa na bunduki nzito, mara nyingi hautafika kiwango cha vita. Na hilo halimwongezei mwanajeshi uhuru, linampunguzia, kwa kuwa nje ya vita anabanwa na sheria za polisi, ambapo risasi ni ya mwisho na ni ya kuokoa uhai tu. Wanaodai kila siku jeshi liletwe huwa hawalisemi jambo hili. Katiba nayo ina mlango wake wa majina. Kifungu cha 241(3) kinaruhusu jeshi kusaidia wakati wa dharura au maafa kisha kutoa taarifa kwa Bunge la Kitaifa. Lakini kurejesha amani penye machafuko kunahitaji idhini ya Bunge hilo. Aya (b) inadai taarifa, aya (c) inadai idhini. Wanajeshi wakipelekwa tena kwenye msitu au bonde lolote, cha kwanza kusoma ni Gazeti Rasmi la Serikali: limetaja aya ipi.