Deni la Msomi: Wahitimu wa Vyuo na Maendeleo ya Kata ya Unyambwa

Kila mwaka, baada ya mahafali ya vyuo kumalizika, vijana kutoka kata za pembezoni mwa miji hujikuta katika njia panda. Baadhi yao hurejea nyumbani na vyeti vyao, wengine hubaki Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza kutafuta ajira. Nyuma yao wamebaki wazazi waliouza alizeti, kuku na mbuzi ili nauli na mahitaji ya chuoni yapatikane. Hali hiyo haiko mbali na kata ya Unyambwa, mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida, katika mkoa unaofahamika nchini kwa zao la alizeti na kuku wa kienyeji. Swali linaloikabili kila familia ya aina hiyo ni moja: mhitimu anadaiwa nini na mahali alipotoka, na deni hilo hulipwa kwa njia gani?

Swali hilo si geni nchini. Mwaka 1964, Mwalimu Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila chakula na asirudi, alisema Mwalimu, amewasaliti waliomtuma. Mfano huo unaeleweka kwa urahisi mkoani Singida, ambako mvua ni chache na kila mkulima anajua thamani ya debe la mtama wakati wa kiangazi.

Mwalimu mwenyewe alikuwa ameanza kulipa deni hilo tangu akiwa mwanafunzi. Alipokuwa Chuo cha Makerere, Uganda, kati ya mwaka 1943 na 1945, yeye na wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage, waliwaunganisha wanafunzi wa Tanganyika katika chama cha ustawi, ambacho baadaye kiliungana na Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Baada ya masomo alikwenda kufundisha katika Shule ya St. Mary's mjini Tabora, na nje ya saa za kazi aliwafundisha watu wazima Kiingereza bila malipo. Umoja ulioanzia chuoni haukuishia siku ya mahafali, bali ulihamia mahali pa kazi na kuwafikia wasiopata nafasi ya kusoma.

Baada ya Uhuru, Serikali iliufanya wajibu huo kuwa wa lazima. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 ilipendekezwa kuwa wahitimu wa sekondari na elimu ya juu walitumikie Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwezi Oktoba mwaka huo, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango huo, na takriban 400 kati yao wakarudishwa makwao, ingawa wengi walipokewa tena baadaye. Katika tukio hilo hilo Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, pamoja na ya viongozi wengine wa juu, kwa kuwa aliona kuwa anayedai wengine wajinyime hana budi kuanza na nafsi yake.

Miaka minane baadaye, Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka sharti kwamba mwombaji wa chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi na kupata pendekezo la wale aliofanya nao kazi. Sharti hilo lililegezwa baadaye. Utaratibu wa lazima wa JKT kwa wahitimu nao ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita. Kwa hiyo, kwa mhitimu wa chuo wa leo, sehemu kubwa ya utumishi kwa jamii imebaki katika hiari na dhamiri yake. Hiari, hata hivyo, ikiachwa bila mpango huweza kupotea bure, na hapo ndipo umuhimu wa vyama vya wahitimu unapojitokeza.

Nchini Marekani, vyama vya udugu vya wanafunzi wa vyuo vina historia ndefu. Phi Beta Kappa, kinachotambuliwa kuwa cha kwanza, kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776. Baadhi ya vyama hivyo vimelaumiwa, na kwa haki, kwa mateso wanayofanyiwa wanachama wapya. Vile vilivyoanzishwa na Wamarekani Weusi, hata hivyo, vilijenga desturi inayofaa kutazamwa, kwani uanachama wake hauishi mtu anapohitimu. Matawi ya wahitimu huendelea kukutana, kuchanga na kutumikia jamii kwa maisha yote. Kwame Nkrumah, Rais wa kwanza wa Ghana, na Nnamdi Azikiwe, Rais wa kwanza wa Nigeria, walikuwa wanachama wa kimojawapo, Phi Beta Sigma.

Matunda ya desturi hiyo yamefika Afrika Mashariki. Delta Sigma Theta, umoja wa wanawake wasomi ulioanzishwa na wanafunzi 22 wa Chuo Kikuu cha Howard tarehe 13 Januari 1913, ulichangia katika miaka ya 1960 huduma za uzazi katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick, mjini Thika, Kenya. Mchango huo ulielekezwa mahali palipokuwa tayari na wauguzi, uongozi na wagonjwa. Wachangiaji walikuwa mbali, na kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa waliokuwepo.

Tanzania haina utamaduni wa vyama vya udugu vya namna hiyo, lakini ina vyama vyake. Vyuoni kuna jumuiya za wanafunzi, za kitaaluma, za dini, na umoja wa wanaotoka wilaya au mkoa mmoja. Vyuo vikuu vina mabaraza ya wahitimu, na shule kongwe zina umoja wa waliosoma hapo. Mjini Singida kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania na chuo cha VETA, na umbali wa takriban kilomita 240 kwa barabara kuu kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Hivyo kata kama Unyambwa haiko mbali na wasomi, wale waliozaliwa hapo na wale waliokuja kusoma jirani. Kinachohitajika ni njia ya kuwafikisha.

Hatua ya kwanza ni chama kutambulika kisheria. Umoja wa wahitimu unaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Ukikusudia kufanya kazi kama shirika lisilo la kiserikali, husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Usajili huwezesha kufungua akaunti ya benki kwa jina la chama badala ya simu ya mtu mmoja, na huwapa wanachama haki ya kudai taarifa ya mapato na matumizi. Vyama vingi vya kuchangiana huvunjika kwa sababu fedha zimekaa kwa mtu asiyeulizwa, hata pale michango inapokuwa ya kutosha.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo husahaulika zaidi, ni kusoma mpango wa eneo kabla ya kuleta mradi. Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania zinaweka serikali za mitaa kwa lengo la kuwapa wananchi madaraka. Kwa msingi huo, wananchi huibua vipaumbele vyao katika mikutano ya mitaa na vijiji kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele hivyo hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata, kisha katika halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, hivyo chama kinacholeta wazo mwezi Juni hukuta bajeti imekwisha kupangwa.

Gharama ya kupuuza utaratibu huo inaonekana katika maeneo mengi nchini. Darasa linaweza kujengwa na wafadhili mahali ambapo halmashauri haijapanga walimu wala madawati. Kisima huchimbwa, lakini pampu inapoharibika hakuna chombo kilichokabidhiwa kuihudumia. Boma la zahanati huinuliwa hadi kwenye lenta, wachangiaji wakachoka, na mvua zikaanza kulila tofali moja baada ya jingine. Kwa mwananchi aliyesomba mawe na maji kwa siku kadhaa, boma lililoachwa humfundisha kwamba nguvu zake hazikuwa na thamani, na safari nyingine mtendaji akiitisha kazi ya kujitolea, mwananchi huyo hatatoka.

Mchango unaoingizwa katika mpango wa kata huwa na hatima tofauti. Katika mpango wa shule za sekondari za kata, ulioanza mwaka 2004, nguvu za wananchi na fedha za Serikali zilikutana katika mradi mmoja. Chama cha wahitimu kinaweza kuingia hapo hapo, kwa kumalizia boma lililokwisha kupangiwa walimu, au kuunga maji katika shule ambayo mamlaka ya maji imekubali kuihudumia. Makabidhiano yakiandikwa na kusainiwa, na mali kuingizwa katika daftari la shule au zahanati, yeyote atakayekuja baadaye atajua nani anawajibika.

Kuhusu shule, wahitimu wanapaswa kufahamu mipaka iliyowekwa na Serikali. Kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 utaratibu huo ukaongezwa hadi kidato cha sita. Mwezi Januari 2018 walimu walipigwa marufuku kukusanya michango. Jamii na wahisani bado wanaruhusiwa kuchangia kwa hiari, lakini kupitia uongozi wa halmashauri. Mtoto hazuiwi kuingia darasani kwa sababu mzazi wake, au kaka yake aliyehitimu, hakuchanga.

Hatua ya tatu ni kutambua kwamba fedha si mchango pekee, na mara nyingine si ule unaohitajika zaidi. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kukifundisha kikundi cha wanawake kutunza daftari la hisa na mikopo. Mhitimu wa sheria au utawala anaweza kuwasaidia vijana kuandika katiba ya kikundi na andiko la mradi, ili waombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake hutengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Aliyesomea kilimo anaweza kueleza kwa nini mbegu bora ya alizeti hutoa mafuta mengi kuliko ile iliyorudiwa kupandwa kwa misimu kadhaa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa hisabati, akitoa wiki mbili za likizo kwa kidato cha nne, huacha kitu kisichohitaji saruji. Kundi la wanafunzi linalotaka kufanya hivyo hupaswa kuwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni na kuripoti kwa Mkurugenzi wa Manispaa na Mtendaji wa Kata, hasa pale watoto wanapohusika.

Fedha zinapohitajika, udogo wa kiwango usiwe kikwazo. Wahitimu 40 wakichanga shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi, hupata shilingi 200,000, ambazo kwa mwaka ni shilingi 2,400,000. Kiasi hicho hakitoshi kujenga shule, lakini chaweza kununua madawati, vitabu au vifaa vya maabara, na kinaweza kufanya hivyo tena mwaka unaofuata. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kisitoboke.

Lipo pia deni lisilo la mfano wa maneno tu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, hutumia marejesho ya wanufaika wa zamani kuwakopesha wanafunzi wapya. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na aliyejiajiri ana wajibu wa kujitokeza mwenyewe. Anayekwepa marejesho huku akichangia harambee ya kijijini kwa mbwembwe amemnyima mtoto wa jirani yake nafasi aliyoipata yeye.

Uzoefu wa miaka zaidi ya 60 unaonesha kuwa wajibu wa msomi umewahi kudaiwa kwa sheria, kwa azimio na kwa hiari. Palipobaki hiari, utaratibu ndio unaoipa nguvu, kwa chama kilichosajiliwa, mpango uliotoka kwa wananchi, makabidhiano yaliyoandikwa na wanachama wasiochoka baada ya kupiga picha ya uzinduzi. Kwa mhitimu wa Unyambwa aliyeko mbali, mwanzo wa kazi hiyo hauhitaji fedha. Unahitaji simu moja kwa Mtendaji wa Kata, kuuliza wananchi waliweka nini kuwa kipaumbele cha kwanza katika mkutano wao wa mwisho, na kipi kati ya walichokianza bado hakijakamilika.